Arap Kemboi Aliyekama Ng'ombe wa Mfungwa Wake

Ndugu na jamaa, majirani wa Bondeni, wazee wa kanisa, mabwana wa kanjo, ofisi yetu ya mji, mliokuja na kofia zenu mikononi, na nyinyi mliosimama barabarani kwa sababu ua huu wa Mama Ishak umejaa, familia imemwomba shemeji wa marehemu, kaka wa mjane Cheptoo, ambaye ndiye anayesema nanyi, awasomee maisha ya Yohana Kipsang arap Kemboi. Shemeji mnamjua kwa utani, na dada yake amemwapisha asubuhi hii aseme kweli tupu, kwa hiyo atasema kweli, ila pale atakapocheka mtamvumilia, kwa maana marehemu mwenyewe aliyacheka mambo haya haya, na aliyacheka sana.

Marehemu alizaliwa Esageri tarehe 3 Mei 1909, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kemboi arap Cherono na mama Tapkigen, ambao wote wametangulia. Tarehe hiyo aliandikiwa na wamisheni siku ya ubatizo, mama yake akiwa amewaeleza tu kwamba mtama ulikuwa haujakomaa na mvua ilikuwa imekaza, wakapima wenyewe, wakaandika, na marehemu akaishika tarehe yake kwa heshima mpaka mwisho kana kwamba alikuwapo akishuhudia. Alichunga mbuzi, kisha ndama, kisha ng'ombe wa baba yake, na wale waliokua naye wanasema alikuwa mkali kwa mifugo ya wengine na mpole kwa ya kwao, tabia ambayo watu wa mji huu waliionja baadaye.

Mwaka 1919 alianza masomo katika shule ya misheni ya Ravine, akasoma hadi mwaka 1923, akajua kusoma na kuandika Kiswahili, akajua hesabu za kutosha, na akajifunza nyimbo za kanisa, nyingi sana, kwa sauti ambayo Mungu peke yake ndiye aliyeipenda. Tunaitaja sauti hiyo mapema kwa sababu itahitajika mbele. Alitoka shuleni baba yake alipougua, akaenda Rongai kwenye shamba la mzungu, akaendesha ng'ombe wa plau kwa miaka mingi, na mwaka 1940 akaingia jeshini, akafika Abisinia, akafika Burma, akarudi mwaka 1946 akiwa koplo, mwembamba, mwenye viatu vizuri na maneno machache.

Katikati ya hayo, tarehe 12 Desemba 1934, alifunga ndoa na dada yetu Cheptoo katika kanisa la Ravine. Miongoni mwa mahari aliyoleta alikuwamo mtamba mmoja mwekundu, ambaye alitoroka zizini kwetu, akarudi Esageri peke yake, na sisi upande wa mke tunasema hadi leo kwamba alifundishwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Chepkosgei mwaka 1936, Kiplagat mwaka 1939, kisha vita vikaingia kati, wakaja kumpata Jelimo mwaka 1954, tarehe 27 Februari, katika chumba chao cha lokesheni, mtaa wa nyumba za Waafrika, hapa Nakuru, na wote watatu wako mbele yenu leo.

Chumba hicho kilikuwa cha kazi. Mwezi wa Februari 1947 marehemu aliandikwa askari wa mji, akapewa khaki, kofia, rungu na chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, na hakuna mtu aliyezipenda sheria ndogo za mji kama yeye, jamani, semeni kweli, wengi wenu mliosimama hapa aliwashika. Alishika mama wa uji aliyekaa mahali pasiporuhusiwa, alishika mwenye mbuzi aliyekula maua ya ofisini, alishika aliyemwaga maji machafu mtaroni, na alimshika hata Ogola wa hoteli ya chai kwa jivu lililorundikwa nyuma ya jiko, Ogola akamtukana njia nzima mpaka seli. Siku hizo makosa hayo yote yalikuwa na njia moja tu, mtu alilala seli, akapelekwa korti, akahukumiwa kama mwizi anavyohukumiwa, faini ikimshinda anafungwa, na hata asipofungwa ameshaandikwa kuwa mhalifu. Na katika miaka ya Hali ya Hatari, wakati kila mtu alitembea na karatasi zake kifuani, mtu aliyeandikwa hivyo alinyimwa laiseni, akatolewa chumba cha lokesheni, akaonyeshwa njia ya kurudi kwao, watoto wakiwa na vitabu vya shule mikononi. Marehemu aliyaona hayo yote na aliyaona sawa, alikuwa akisema kwamba yeye ameagizwa kushika, mengine ni ya wakubwa.

Basi tarehe 8 Machi 1954, siku ya Jumatatu, alimshika Kuluthum Dualeh, mnayemjua kama Mama Ishak, mwenye ua huu tulimokaa. Mama Ishak alikuwa mjane tangu mwaka 1949, mwanawe Ishak alikuwa mtu mzima anayeendesha lori la Isiolo, na yeye alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe aitwaye Adey, jina lenye maana ya mweupe kwa lugha ya kwao, akauza maziwa nyumba kwa nyumba. Laiseni alikuwa ameiomba akanyimwa, kwa sababu zizi lake halikuwa na sakafu ya saruji, na saruji hakuwa na namna ya kuipata bila kuuza maziwa, akakwama hapo. Ilikuwa mara yake ya tatu kushikwa, mkebe ukiwa hauna kifuniko, na kesho yake korti ikampa siku thelathini, akaondoka kwenda jela akimwangalia marehemu, naye marehemu akarudi lindoni akiwa ametimiza kazi yake.

Jioni ile alipita hapa Bondeni akamsikia Adey akilia. Ninyi mliolelewa na mifugo mnaijua sauti ya ng'ombe ambaye hajakamwa, mwenye kiwele kilichojaa mpaka miguu ya nyuma inasimama mbalimbali, na majirani walikuwa wamejifungia ndani, wengine kwa kuogopa mateke, wengine kwa kuogopa kuonekana wakigusa mali ya mfungwa. Marehemu alipita, akafika mwisho wa barabara, akasimama, akarudi. Nyumbani Cheptoo alikuwa na mtoto wa siku kumi, na kwetu mama mzazi hakaribii ng'ombe mpaka siku zake ziishe, Ishak alikuwa njiani Isiolo, na kwetu pia mwanamume mzima, mwenye mke, aliyepigana Burma, hakami, hiyo ni kazi ya wanawake na watoto, akionekana atachekwa hadi na watu wa rika lake walioko kaburini. Akafungua lango la ua huu, akaingia.

Adey alimpiga teke la kwanza akaangusha kofia, akampiga la pili likampata gotini, akakataa kushusha maziwa hata ndama alipoletwa anyonye kwanza. Ndipo marehemu akaiona shuka ya Mama Ishak imetundikwa ukutani, ile anayojifunika anapokama, akajua kwamba ng'ombe anamngoja mwenye shuka, akaitia kichwani juu ya khaki zake, akachuchumaa, na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mama huyo humwimbia ng'ombe wake kwa Kisomali, na yeye Kisomali hakijui, akaanza kumwimbia nyimbo za misheni ya Ravine kwa sauti ile tuliyoitaja. Adey akashusha maziwa. Mama mmoja jirani, aliyechungulia dirishani, alisimulia kesho yake kwamba Kuluthum ametoka jela ameota masharubu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi na jioni, wiki ya kwanza, wiki ya pili, na mtaa mzima ukaja kujua, wakamtania mpaka wakachoka. Lakini maziwa nayo yana shida yake, kwani Adey alikuwa katika maziwa mengi, nyumba ya marehemu ilikunywa ikashiba, na kuyamwaga chini hakuweza, damu yake ilikataa, hakuna mtu wa Esageri awezaye kusimama akamwaga maziwa mazima ardhini akalala usingizi. Na wateja wa Mama Ishak walikuwa na watoto wachanga wanaoyangoja. Akaanza kuyapeleka nyumba zile zile, kwa mkebe ule ule, na watu hawakukubali kupokea bure, wakalipa, naye akaziweka pesa za Mama Ishak ndani ya kopo juu ya rafu ya nyumba yake, akijiambia kwamba yeye hauzi, anapeleka tu. Kumbe, ndugu zangu, askari wa mji alikuwa akiuza maziwa bila laiseni, kwa chombo kisicho na kifuniko, kosa lile lile kwa herufi zile zile, na wala hakuliona.

Aliyeliona ni Bwana Afya, mkaguzi wa afya wa mji. Asubuhi ya tarehe 29 Machi Bwana Afya alikuwa akikagua mitaro ya Bondeni, ameandamana na askari Owuor, rafiki wa marehemu waliyeandikwa naye mwaka mmoja, wakapinda kona wakakutana na arap Kemboi uso kwa uso, khaki kwa ndani, shuka ya kike mabegani, mkebe mkononi, anapimia mtu maziwa. Owuor aligeuza uso akaanza kuangalia paa za nyumba. Bwana Afya akauliza kama huyu si yule yule aliyemshika yule mama, na marehemu, ambaye hakuwahi kusema uongo kwa mkubwa wala kwa mdogo, akajibu kwamba ndiye. Ikabidi Owuor amshike bega, akampeleka seli.

Usiku ule marehemu alilala katika seli ambayo alikuwa ameijaza kwa miaka saba, akawakuta humo watu aliowashika yeye mwenyewe juma lile, na hawakumpiga, walimpisha mahali pa kulala karibu na mlango penye hewa. Alimwambia Cheptoo baadaye kwamba afadhali wangempiga. Kilichomkaa moyoni hakikuwa aibu ya seli, kilikuwa chumba, kwa sababu alijua vizuri kinachofuata, alikuwa amewapelekea wengine amri hiyo kwa mkono wake, kwamba akishaandikwa mhalifu, Cheptoo na mtoto mchanga na wale wawili wa shule watatakiwa kutoka.

Mbele ya hakimu alikubali kosa bila kuzunguka. Hakimu, aliyekuwa amesikiliza tangu asubuhi kesi za uji na mbuzi na mitaro, alimwuliza ni kitu gani kilichomfanya askari wa miaka saba kuvunja sheria anayoilinda, na marehemu akajibu kwamba yule mama alikuwa ameshtakiwa, lakini ng'ombe hakuwa ameshtakiwa. Korti nzima ilicheka, hakimu akajifuta uso kwa leso kwa muda mrefu. Kisha akasema waziwazi kwamba haoni aliyeumizwa, ila sheria imempa njia moja tu, naye hawezi kujitengenezea nyingine, akamhukumu kifungo cha kukaa ndani mpaka korti itakapofunga siku ile. Alikaa hadi saa kumi za jioni, akatoka, amefungwa na kufunguliwa siku moja, na jina limeandikwa.

Kanuni za kazi hazikutofautisha kifungo cha mchana mmoja na cha siku thelathini, aliyeandikwa ameandikwa, akavuliwa khaki, na familia ikapewa wiki moja kuhama. Tulimwambia arudi Esageri, shemeji alikuja mwenyewe na mkokoteni. Lakini Mama Ishak alikuwa ametoka jela siku zile zile, akamkuta Adey ananona, ndama anaruka, zizi limefagiwa, na kopo liko juu ya rafu, akavuka mji kwa miguu mpaka chumba chao cha lokesheni, akamkuta Cheptoo ameketi juu ya vitu vilivyofungwa. Mama Ishak hakutoa pole wala shukrani, alisema tu kwamba chumba cha pili katika ua wake kiko wazi, na kwamba bwana wa nyumba hiyo anajua kukama ila kuimba hajui, atafundishwa. Mkokoteni wa shemeji ukabeba vitu, ukavileta hapa, mita chache kutoka pale jeneza lilipo sasa.

Miaka miwili marehemu alikuwa mtu wa maziwa, na katika miaka hiyo alilishika neno moja akakataa kuliachilia. Alisema kwao Esageri, ng'ombe wa mtu akiingia katika mtama wa jirani, wazee wa mtaa hukaa, mwenye ng'ombe hutozwa, huziba ua pale palipobomoka, na yakiisha yamekwisha, hakuna anayemwita mwizi keshoye, na watoto wake hawahamishwi. Akauliza kwa nini mkebe wa maziwa uwe mzito kuliko shamba la mtama. Aliwauliza wanywaji wa chai, akamwuliza mchungaji, akamwuliza Owuor, akamwuliza Bwana Afya mtaroni, na watu wakaanza kumkwepa.

Mwaka 1956 watu wa Bondeni walimchagua kwenye kamati ya lokesheni, inayoishauri ofisi ya mji, nusu kwa kumwamini na nusu ili akawasumbue wengine. Pale kwenye kamati alitaka makosa madogo yatozwe faini papo hapo bila korti, akapingwa pande zote mbili. Karani wa ofisi alisema watu wasipoogopa jela hawatalipa hata siku moja. Ogola, ambaye naye alikuwa mjumbe, alipiga meza akasema kwamba faini ya barabarani ni chai ya askari, leo atalipishwa kwa jivu, kesho kwa moshi, kesho kutwa kwa kupumua, afadhali korti ambako mtu huhukumiwa mbele ya macho ya watu. Tuseme kweli kama tulivyoapa, marehemu alipandwa na hasira, akawaita wote wawili mbuzi, akatoka nje, na aibu zaidi ni kwamba alisahau kofia akalazimika kuirudia.

Aliporudia kofia alimkuta Mama Ishak dirishani. Alikuwa ameleta maziwa ya chai ya kamati, akasikia yote, na kutoka pale nje, bila kualikwa na mtu, alimwambia Ogola kwamba dawa ya askari mla chai ni kumnyima kikombe, askari aandike kosa tu, asiguse hata senti, mtu alipe mwenyewe ofisini kwenye dirisha, na asiyeridhika akalalamike kwenye kamati hiyo hiyo kabla ya kulipa. Ogola akarudi kitini. Karani naye akaona mlango, akasema basi asiyelipa adaiwe kama anavyodaiwa mtu aliyekopa dukani, ashtakiwe kwa deni, mali izuiliwe, lakini yeye mwenyewe asiguswe na wala asiandikwe mhalifu. Marehemu, amesimama na kofia mkononi, akaongeza la kwake la Esageri, kwamba atakayerekebisha kosa katika wiki moja alipe nusu.

Halikupita siku ile wala mwezi ule. Liliandikwa, likarudishwa, likaandikwa tena, na Bwana Afya akatusaidia, tunalisema hili wazi kwa kuwa yuko hapa, aliwaambia wakubwa wake kwamba amewafunga wauza maziwa miaka tisa na mikebe bado haina vifuniko, hana la kupoteza. Ikakubaliwa Bondeni tu, kwa majaribio, kuanzia Jumatatu tarehe 1 Julai 1957, kwa makosa ya mitaro, vyombo vya chakula, mifugo inayozurura na biashara ndogondogo, na wizi na kupigana vikaachiwa korti kama kawaida.

Wa kwanza kutozwa alikuwa nani? Mama Ishak! Kwa samadi mtaroni, siku ya pili tu. Alilalamika wiki nzima, alimlalamikia marehemu asubuhi akikama na jioni akikama, kwamba hii ndiyo shukrani ya dirisha lake, lakini alilalamika akiwa nyumbani kwake, amejinyosha kitandani kwake, na samadi akaiondoa, akalipa nusu. Ogola alikataa kulipa ya jivu kwa ajili ya heshima, akashtakiwa kwa deni, birika lake kubwa likazuiliwa, na wateja walipokosa chai siku mbili walimkokota wenyewe hadi ofisini. Mikebe ikapata vifuniko. Wako ambao hawajalipa hadi leo na tunawaona. Lakini tangu siku ile hakuna mama wa Bondeni aliyelala seli kwa ajili ya uji, na hakuna mtoto wa Bondeni aliyetolewa chumbani kwa ajili ya mkebe, na mwaka jana mpango huu ukapelekwa katika lokesheni zote za mji.

Marehemu mwenyewe hakufutiwa. Aliomba mara mbili jina lake lifutwe, akajibiwa kwa adabu kwamba sheria mpya hairudi nyuma, na jambo hilo lilimuuma, tusijifanye halikumuuma. Khaki hakurudishiwa. Ila Januari 1958 ofisi ya mji ilimwajiri kutunza boma la mifugo iliyokamatwa ikizurura, kazi isiyo na kofia, na kila asubuhi wapita njia waliweza kumwona mzee amejitupia shuka kichwani, anakama ng'ombe wa watu wasiomjua, anawaimbia, ili mwenye mnyama akija kulipa asimkute ameharibika kiwele. Hakuna aliyekuwa akicheka tena, au tuseme walicheka vizuri.

Mwezi wa Novemba mwaka jana alianza kusumbuliwa na kifua. Alitibiwa, akapata nafuu wakati wa Krismasi, akaenda Esageri kuwaona ndugu, na mvua za Aprili zilipokuja kikamrudia. Alilazwa hospitali hapa Nakuru mwezi wa Julai na tena tarehe 24 Agosti, na kila asubuhi Mama Ishak alimpelekea maziwa ya ng'ombe aliyezaliwa na Adey, kwenye mkebe wenye kifuniko, akimwonyesha kifuniko kwanza kabla hajakifungua. Siku ya Alhamisi, tarehe 10 Septemba 1959, saa tatu asubuhi, Cheptoo akiwa amemshika mkono, alitutoka akiwa na umri wa miaka hamsini. Alikuwa ameagiza asipelekwe mbali, azikwe katika makaburi ya mji huu, mji uliomfunga siku moja na akakaa nao miaka kumi na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuchoka, hasa muuguzi Khadijo aliyekubali marehemu aimbe wodini. Inamshukuru mchungaji na wazee wa kanisa, majirani wa Bondeni mliopika na mliokesha, wenzake wa boma la mifugo, kamati nzima ya lokesheni, Ogola aliyeleta birika lile lile na hakutaka malipo, Bwana Afya, na Mama Ishak, ambaye hatuna neno la kumtosha, na ameshatuonya kwamba tukimshukuru zaidi ataondoka.

Liko jambo moja la mwisho, nalo halikuwa katika karatasi dada yetu alipoisoma juzi. Jana alasiri askari Owuor, ambaye sasa ni sajini, alifika langoni akakuta mabenchi yetu yamefunga barabara, moto umewashwa katikati ya njia, sufuria za chakula cha waombolezaji ziko wazi, na ng'ombe wa Mama Ishak amefungwa kwenye mtaro wa mji. Alivua kofia, akaingia, akampa Cheptoo mkono, akalia, akalia sana, tukamkalisha tukampa chai. Alipomaliza chai alijifuta macho, akaomba radhi, akatoa kalamu, akatuandikia makosa manne. Wote tulimgeukia mjane, na Cheptoo, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amefungua kinywa ila kwa kilio, aliangua kicheko hadi akashika ukuta, akasema laiti Yohana angekuwapo ayaone.

Kwa hiyo tutakapotoka makaburini, vijana mtarudisha mabenchi, akina mama mtafunika sufuria, na sisi tuliobaki tutashika fagio, kwa sababu atakayerekebisha katika wiki moja analipa nusu, na hiyo nusu ni yake marehemu, ametuachia.

Pumzika kwa amani, arap Kemboi. Barabara tutaifagia, faini tutailipa, ng'ombe atakamwa jioni, na leo kila mmoja wetu atalala nyumbani kwake.